Gurudumu la Mbele

Baiskeli yangu ilikuwa ya babu. Ni ya mtalimbo, lile bomba kati ya kiti na usukani, nzito kama jiwe la kusagia, na breki ya nyuma inalia kama mbuzi. Babu aliinunua alipokuwa akikata mkonge Rudewa, na mimi nikairithi kwa sababu wajukuu wa kiume walitaka pikipiki. Kila asubuhi naenda nayo Rudewa kuchukua mchicha na bamia, nakuja kuuza Magomeni, hapa Kilosa mjini. Hiyo ni kazi. Lakini jioni nikishauza huwa naitoa tena bila mzigo, naikanyaga mpaka jasho linitoke, narudi. Hakuna anayenituma. Napenda tu. Mwanzoni watu walikuwa wananiuliza, "Magreti, unakimbizwa na nani?" Nikawa nawajibu, "Na nyinyi." Siku hizi hawaulizi.

Mashindano ya wanawake ya Mikumi niliyasikia mwaka jana yakiwa yameshapita. Mwaka huu nikawahi. Baiskeli za kawaida, zisizo na gia, kutoka Mikumi hadi Ruhembe na kurudi, siku ya Jumamosi. Sharti lilikuwa moja: ujiandikishe mwenyewe, na baiskeli yako ionekane kwa macho, Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Ukikosa, mpaka mwakani. Mwandikishaji anaitwa Cosmas. Nilimpigia simu mara mbili ili nisikie vizuri, na mara zote mbili alisema, "Saa kumi, dada. Siyo kumi na kitu."

Niseme ukweli, zawadi sikuiwazia sana. Mimi niliishia darasa la saba. Siku matokeo yalipobandikwa ukutani nilisoma majina kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu, na langu halikuwepo. Nilitaka angalau mara moja kuwe na karatasi ya watu wanaokwenda mahali, na mimi niwemo, na namba nimebandikwa mgongoni. Miezi mitano nilifanya mazoezi kwa hiyo karatasi.

Basi la abiria sikulitaka. Safari moja konda alinifungia baiskeli juu ya karia ya basi, ikashuka ringi imepinda. Nikasema nitakwenda kwa kuiendesha, nitoke alfajiri, saa nane nitakuwa nimefika, nitapumzika, kesho yake nishindane. Hesabu ilikuwa nzuri tu.

Lakini Kilosa mtu hasafiri peke yake, anasafiri na mizigo ya watu. Alhamisi jioni akaja jirani, mama Loveth, ameshika kuku mwekundu amefungwa miguu.

"Mwanangu, kwa kuwa unaenda Mikumi, mpelekee Regina. Unajua amejifungua, na kuku wa kule ni wa kununua."

Regina ni binti yake mkubwa, na ni kwake ndiko nilikokuwa nifikie. Nitamkatalia kuku nikalale kwa mwanawe? Nikapokea. Na mchele kilo tano nikapokea, na kanga za mtoto.

Nikaenda kwa fundi Ulimboka kuchukua baiskeli. Nilikuwa nimemwambia akaze gololi za mbele tu. Nikamkuta anaifuta kwa kitambaa, anacheka peke yake. Karia yangu nyepesi ilikuwa chini. Juu ya gurudumu la nyuma alikuwa amechomelea karia nyingine ya nondo.

"Fundi, hii nini?"

"Mdogo wangu, safari ya Mikumi hiyo! Hapo ubebe hata gunia mbili, haitikisiki. Na sitaki chochote kwako. Hiyo ni baraka yangu."

"Mimi nakwenda kushindana, fundi. Nilitaka iwe nyepesi."

"Nyepesi ya nini? Kitu chepesi kinapeperuka."

Alikuwa amekaa saa nyingi kwenye jua akichomelea, na mimi nilijua. Nikamwambia asante sana. Nikaondoka na ile nondo.

Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, kuku nyuma, kanga nimeifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Barabara ilikuwa vipande vipande, pengine nzuri, pengine kokoto zinakurudisha. Karibu na Ulaya (ndiyo, kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na kila mtu wa Kilosa ana mzaha wake juu ya hilo) nikapata pancha. Kiraka na gundi ninavyo, na kwa kawaida ni kazi ya dakika kumi na tano. Lakini wanaume wanne waliokuwa wamekaa dukani waliinuka kunisaidia. Mmoja akasema tyubu itafutiwe maji, mwingine akasema maji ya nini, isikilizwe kwa sikio. Wa tatu akaninyang'anya kiraka kwa upole, "Acha dada, utajichafua," akakibandika pembeni ya tundu. Tukabandua, tukaanza upya. Nilipoondoka walinisukuma mpaka nikapata mwendo, wote wanne wanapiga makofi. Saa nzima ilikuwa imekwenda. Sikuweza hata kununa.

Nikiwa sijafika Zombo nikaona matawi mabichi yamelazwa barabarani. Kila mtu anajua maana yake, kuna msiba hapo. Mwenye gari anapunguza mwendo, mwenye baiskeli anashuka na kuikokota mpaka aupite. Nikashuka. Ilikuwa saa tano kasoro. Watu walikuwa wengi uani, wanaume upande wa mbao za jeneza, wanawake upande wa moto. Mama mmoja mnene, amejifunga kitenge kifuani, alikuwa amekaa karibu na njia akichambua mchele.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Watoka wapi na kuku?"

"Kilosa."

"Kilosa ndiko unakokaa. Kwenu hasa?"

Ningesema Kilosa mara ya pili ningepita. Nimezaliwa Kilosa, si uongo. Lakini nimezoea mtu mzima akiuliza kwenu namtaja babu.

"Babu alitoka Tabora, mama."

Akaacha kuchambua. Akaniangalia kutoka kwenye viatu mpaka kichwani, halafu akapaza sauti kama aliyeona nyoka.

"Ditram! Ditram wewe! Njoo umwone Mnyamwezi anatoroka msiba!"

Hapo nikajua nimekwisha. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu wale wazee wa misafara, waliokuwa wakipita huku na mizigo kichwani. Na mtani hapiti msiba wa mtani wake. Anaingia, anafanya kazi za msiba, anawachekesha wafiwa ili wapate kumeza chakula. Na haruhusiwi kukasirika, afanyiwe lolote. Babu alipofariki Rudewa, Wasagara walikuja wenyewe bila kuitwa. Walichimba kaburi, mmoja wao akalala ndani akasema hatoki mpaka aletewe ugoro wa marehemu. Bibi alicheka siku ile, mimi nilimwona, akiwa na machozi mpaka shingoni.

Ditram alikuwa mtu wa makamo, mpwa wa marehemu, mrefu, na spana mfukoni kana kwamba alikuwa ananisubiri mimi. Hakunisalimia. Aligeuza baiskeli juu chini, akafungua nati mbili, akachomoa gurudumu la mbele.

"Tangu jana tunalia makavu," akasema. "Hakuna mtani hata mmoja. Kumbe mtani yuko barabarani anafanya mazoezi ya mguu! Hupiti, bibi wee. Fanya kazi yako nikurudishie mguu wako."

"Kaka, nina haraka ya kweli. Saa kumi lazima niwe Mikumi."

"Na marehemu naye ana haraka? Ametulia tu ndani."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, ndiyo desturi. Ditram akaenda na gurudumu mpaka nyuma ya jiko la nyasi, akalirusha juu ya paa. Nililiona likitua. Upande mmoja wa ringi ulichomoza ukingoni, unang'aa.

Nilijiambia, Magreti, fanya upesi, uondoke. Nilichota maji ndoo sita. Niliosha sufuria. Niliwatania wachimba kaburi, nikawauliza kama wanachimba shimo la panya. Yule mama, jina lake Verdiana, dada wa mjane, akanipongeza, lakini akasema bado. Akaingia ndani, akatoka na koti la marehemu, mzee Tomasi, na fimbo yake.

"Vaa. Tutembelee kama yeye."

"Mama, sikuwahi kumwona mzee Tomasi."

"Hiyo shida yako. Mnyamwezi gani asiyejua kuigiza?"

Nikavaa koti. Lilinukia tumbaku. Sikutembea kwanza. Nikawatazama wanawe wawili waliokuwa wanapita na mbao. Mkubwa alikuwa anaangusha bega la kushoto kila akikanyaga. Mdogo wake naye, lile lile la kushoto. Na mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti, alikuwa anasafisha koo kila mara kabla ya kusema, hata akisema "ndiyo" tu. Basi nikashika fimbo, nikaangusha bega la kushoto, nikavuka uwanja polepole, nikafika mbele ya moto, nikasafisha koo. Nikasema, "Verdiana, chai hii umeipika au umeiogesha?"

Mjane, aliyekuwa hajainua uso tangu nifike, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalala ubavu mkekani. Wenzake wakamfuata. Wengine kicheko kiliishia kilio, wakashikana. Mama Verdiana alinivua koti kwa mikono miwili, taratibu.

"Umemaliza, mwanangu," akasema. "Kazi umeifanya. Nenda."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Nikafanya hesabu, nikaona bado ninao muda, nikikaza hata kupumzika nitapumzika. Nikauliza, "Kaka Ditram yuko wapi anipe gurudumu?"

Mama Verdiana ndiye aliyenijibu.

Ditram alikuwa ameondoka na pikipiki tangu saa sita. Alikwenda Kilosa kumpokea dada wa marehemu aliyekuwa anakuja na basi kutoka Morogoro.

"Mpigieni," nikasema.

Wakampigia. Simu ikaita pale pale kwenye moto, kwenye upindo wa kitenge cha mke wake.

"Mama," nikamwambia Verdiana, "gurudumu lenyewe lile pale juu. Ninaliona."

"Hata sisi tunaliona, mwanangu. Lakini sisi hatukulichukua."

Nilimwelewa. Kitu kilichoshikwa kwa utani anakirudisha aliyekishika. Mwingine akikitoa, au mwenyewe akikitoa, utani umevunjwa, na kuvunja utani marehemu akiwa bado ndani ni kumtukana. Wale wazee wa kiume walikuja mmoja mmoja wakalitazama lile paa na wao, mikono nyuma, wakatikisa kichwa. "Pole sana, binti." "Ditram ana haraka huyu, angemwachia hata mtu neno." "Pole." Mdogo wa marehemu akasafisha koo, akasema pole. Mke wa Ditram aliniletea sahani ya wali na maharage, na maji ya kunawa, akanisimamia mpaka nimalize. Alikuwa karibu kulia kuliko mimi.

Paa la jiko lilikuwa chini. Ningesimama juu ya kinu ningelifikia. Watu walipoingia ndani kwa sala, uwanja ulibaki na mimi na kuku na wachimba kaburi kwa mbali. Saa saba na nusu. Nilikwenda mpaka kwenye kinu. Nikakiwekea mkono. Nikamwona yule Msagara aliyelala kwenye kaburi la babu, vumbi jekundu nyweleni, na bibi akicheka. Nikarudi nikakaa.

Sikujua machozi yameanza saa ngapi. Waliotoka kwenye sala walinikuta hivyo, na mwanamke mmoja akanikumbatia, akawaambia wenzake, "Oneni, mtani analia kweli. Kamlilia mzee wetu." Nikamwacha aamini.

Ditram alirudi saa nane na robo na yule dada wa marehemu. Alipoelezwa, alishika kichwa. Alipanda juu ya kinu mwenyewe, akalishusha gurudumu, akalifunga, akikaza nati kwa nguvu zote.

"Dada yangu, nisamehe. Nilidhani ni masihara ya nusu saa. Niliposhika njia nikasahau kabisa. Ningekupeleka, lakini maziko saa tisa, na pikipiki yenyewe ni ya kuazima."

"Hakuna neno, kaka."

"Useme basi nifanye nini."

Hakukuwa na la kufanya. Akanijazia upepo magurudumu yote mawili, akajaza mpaka yakawa kama mawe.

Sijawahi kuendesha vile. Kokoto zilikuwa zinaruka, ile karia ya nondo inanivuta nyuma kwenye kila kilima, kuku kanyamaza nikadhani amekufa. Watu wa njiani waliniita nipumzike, wengine walinionyesha chupa ya maji, na mmoja alikimbia pembeni yangu akiniuliza kama kuna mgonjwa. Niliingia Mikumi sina sauti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka. Cosmas alikuwa anafunga kufuli.

Saa kumi na dakika kumi na nane.

Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililonimaliza. Alifungua tena mlango, akanikalisha, akaninunulia soda. Alisikiliza habari yote ya msiba na gurudumu, hakucheka.

"Magreti wa Kilosa," akasema. "Ulinipigia mara mbili. Nilikuangalia barabarani tangu saa tisa. Orodha nimeituma saa kumi kamili, dada, na namba zilizobaki nimeshazirudisha kwa wakubwa. Nikimwingiza mmoja sasa, kuna wawili niliwakatalia hapa hapa mlangoni. Watasemaje?"

"Naelewa."

"Mwakani njoo Alhamisi."

"Naelewa, kaka."

"Pole sana."

Pole za siku ile ningezifunga kwenye ile karia, nondo zingepinda. Kuku alifika mzima. Regina alimpokea kwa mikono miwili, akasema angalau yeye amewahi.

Asubuhi nilitaka kulala nisisikie hata vipaza sauti. Nikashindwa. Nilitoka na baiskeli, nikaenda peke yangu mbele ya mji kwenye njia ya Ruhembe, mahali kilima cha kurudia mjini kinapoanza, nikasimama kwenye kivuli cha kibanda kitupu cha nyanya. Walipita. Niliwahesabu, ishirini na sita. Wa mbele walikuwa wembamba, wamelala juu ya usukani. Niliwatazama miguu. Watatu walikuwa wananizidi, hilo niliona. Waliobaki ningekwenda nao.

Wakapotea. Nikabaki, maana lazima warudi.

Waliporudi, wale watatu walipita kwanza. Wa nne alikuwa msichana mfupi, namba kumi na moja, nyuma yao kidogo tu. Lori lilimbana, akashuka pembeni ya lami, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo. Nilisikia mlio kabla sijamwona ameanguka. Alisimama upesi, goti linatoka damu, akainua baiskeli. Ringi ilikuwa imepinda, imepiga nane. Akaisukuma, haizunguki. Akaisukuma tena. Halafu akakaa chini kwenye lami na kushika kichwa, kama Ditram.

"Unaitwa nani?" nikamwuliza. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Doris. Natoka Ruhembe. Dada, mama yangu ananisubiri pale mwisho, ameacha kukata miwa leo..."

Baiskeli yake ilikuwa kama yangu, uma ule ule wa kushikia gurudumu, nati zile zile. Spana yangu huwa nimeifunga kwa mpira chini ya kiti. Nikageuza ya kwangu juu chini. Ditram alikuwa amekaza sana kwa ile aibu yake, nati ya kwanza ilinikwangua vidole. Nikachomoa gurudumu. Wengine wawili walitupita, Doris akawatazama, mimi sikuinua kichwa. Nililiingiza kwenye uma wake, nikakaza upande, nikakaza upande wa pili, nikalizungusha. Lilikwenda vizuri. Gololi za Ulimboka.

"Nitakurudishia, dada! Nitakurudishia wapi?"

"Nenda!"

Alikwenda. Nilimsukuma mpaka akapata mwendo. Alipanda kilima amesimama juu ya pedeli, namba kumi na moja mgongoni, pini moja imechomoka karatasi inapigapiga. Kileleni hakugeuka, na ni vizuri.

Nikarudi kwenye kibanda. Walipita waliobaki, mmoja mmoja, mpaka gari la mwisho lenye kitambaa chekundu. Kwa mbali niliwasikia wanatangaza majina kwenye vipaza sauti, lakini upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine. Nilisikia "wa nne" au "wa tano," sikuhakikisha.

Nilikuwa nimekaa, baiskeli juu chini, uma mtupu unatazama mbinguni, ile ringi iliyopinda mapajani kwangu. Bodaboda akapunguza mwendo.

"Sista, vipi? Gurudumu liko wapi?"

"Liko kwenye mashindano."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akasimama kabisa. "Pole. Nikubebe?"

"Hapana, kaka. Nikiondoka hapa hatajua pa kunipata."

Akaenda zake. Jua likasogea, kivuli cha kibanda kikahamia upande wa pili wa nguzo, na mimi nikahamia nacho.